Mwaka Mama Aliokaa Benchi la Mlangoni

Enzi zetu mwaka haukuanza Januari. Januari ilikuwa ya serikali ya Mwingereza na ya karani aliyekuja kudai kodi ya kichwa. Sisi wa kijijini kwetu, upande wa Kwihara, mwaka wetu ulianza alfajiri ya Pasaka, makaburini. Ninyi mliolelewa katika kanisa kama letu mnajua ninachosema. Wengine niwaeleze tu kwamba siku hiyo hatukusubiri jua litukute kitandani. Kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya kanisa kiligongwa kungali giza, tukanawa uso kwa maji ya mtungi yaliyotusisimua mpaka utosini, kisha tukaandamana na wazazi hadi nyuma ya kanisa walikolala wafu wetu. Nyasi zimelowa, miguu peku, meno yanagongana. Tulisimama katikati ya makaburi tukingoja kupambazuke, na jua lilipochungulia mchungaji alisoma majina ya wote waliolala mwaka ule, mmoja mmoja, polepole. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo, na wenye mtu wao waliitikia, "Tutaonana." Akimaliza, tarumbeta zinalia, na hapo ndipo Pasaka ilipoingia.

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la pili na niliamini kabisa kwamba wafu wanasikia. Nilidhani jina likisomwa mwenyewe hugeuka huko chini, kama mtoto anayeitwa asubuhi, avute shuka na kusema naja. Mama hakunisahihisha. Aliniambia, "Anayesomwa ana wa kumwamsha. Asiyesomwa, nani atajua kwamba alikuwepo?" Neno hilo alilisema kwa wepesi, huku ananifunga kitambaa kichwani, mwaka ambao hatukuwa na mtu wetu wa kusomwa. Ninayotaka kusimulia ni ya mwaka uliofuata, kutoka Pasaka ile mpaka Pasaka nyingine, na kama mnatafuta hadithi ya kuwafurahisha, basi someni ya mtu mwingine.

Kati ya Pasaka na Pasaka tulifanya kazi. Leo nikitaja huduma, wajukuu zangu wanafikiri ni kuimba. Kwetu huduma ilikuwa Alhamisi, na jina lake lilikuwa kazi ya upendo. Tukitoka shule tulikuta mama zetu wameshapanga mstari, majembe begani, wanakwenda kwa mjane, kwa kipofu, kwa wale wazee wenye ukoma waliokaa ng'ambo ya mbuga. Mmoja analima, mwingine anakandika ukuta, mwingine anatwanga mtama. Sisi watoto tulichota maji na kuokota kuni, na wakati wa kurudi tulipita porini kutafuta matunda ya mbula na furu, kisha tunatoleana ulimi kuona wa nani umekuwa mweusi zaidi. Mfukoni tuna michembe, vile vipande vikavu vya viazi vinavyovunja jino. Ukianza kutafuna kwa mjane unafika nyumbani kipande bado kimo shavuni. Vijana wa siku hizi wakimpelekea mgonjwa kilo mbili za sukari wanapiga picha kwanza. Mgonjwa akae vizuri, sukari ionekane, na fulana zao zenye maandishi zisikunjamane. Mgonjwa wa zamani hakujua hata nani kamlimia. Aliona tu shamba limelimwa.

Katika mstari huo wa majembe mama yangu alikuwa wa mbele daima. Mikono yake haikujua kukaa. Baba alifanya kazi na genge la reli huko Kigwa, akija nyumbani mwisho wa mwezi na harufu ya mafuta ya mashine, kwa hiyo shamba letu lote lilikuwa juu ya mama, na bado hakukosa shamba la mwingine. Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa akimtania, "Mayu," yaani mama, "ungeolewa na kanisa kabisa." Bibi mwenyewe hakubatizwa. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani kwa njia ileile iliyopita nyuma ya kijiji chetu, na bibi alisema mtu wa safari ndefu hawezi kuwa na dini moja.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Sikukuu ya Mavuno kanisa lilijaa mtama, karanga, maboga, asali ndani ya mizinga midogo ya magome, na kuku waliofungwa miguu ambao walibishana na mahubiri mwanzo hadi mwisho. Mzee Yeremia, mzee wa kanisa wetu, ndiye aliyewanyamazisha kwa kuwafunika kapu. Huyu alikuwa mtu mrefu, mrina asali, mwenye sauti nzito ya kuimbia, na hakuna mtoto aliyemwogopa kwa sababu mfuko wa koti lake ulikuwa na vipande vya nta visivyokauka utamu. Siku hiyo mama alikuwa na tumbo kubwa mno hata akashindwa kuinama kuweka kikapu chake madhabahuni. Mzee Yeremia akampokea na kumwekea.

Hazikupita siku nyingi akajifungua mapasa, ndivyo tulivyowaita pacha. Wavulana wote wawili. Kwa Wanyamwezi majina ya mapasa hayana mjadala: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Majina ya kanisa yangekuja na ubatizo, na ubatizo ulimngoja mchungaji, na mchungaji alikuwa na vijiji vingi vya kuzungukia kwa baiskeli yake. Bibi alitaka mapasa wachezewe ngoma yao kama desturi inavyodai. Mama akakataa. "Mama, sisi ni watu wa kanisa," alisema, na bibi akaenda kutwanga mtama kwa kishindo kilichosikika nyumba nzima.

Kulwa alishikwa na homa. Mama alimkanda maji ya vuguvugu, bibi akachemsha mizizi, mimi nikatumwa asubuhi kwa Mzee Yeremia kumwomba aje ambatize. Alikuja mbio, lakini aliposimama juu ya mtoto alishikilia kofia yake na kusema hajapewa ruhusa ya kubatiza, ni kazi ya mchungaji, tuombe tu. Tukaomba. Jirani yetu, Mama Anastazia, ambaye alikuwa Mkatoliki, aliguna pale mlangoni. "Kwetu hata mkunga angembatiza, maji si haya hapa?" Kulwa alikufa asubuhi hiyo. Kwa kuwa hakuwa amebatizwa, reli haikugongwa kutangaza msiba, na hakuzikwa nyuma ya kanisa. Walimlaza mwisho wa shamba letu la mihogo. Mzee Yeremia alikuja peke yake, bila kitabu, akasimama kando mpaka udongo ukasawazishwa. Mchungaji alifika wiki iliyofuata, akambatiza Doto jina la Zakaria.

Sasa huyo Zakaria akakataa ziwa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, anageuza kichwa upande ule alikokuwa akilala mwenzake. Mama alikonda kwa siku chache tu, macho yameingia ndani. Ndipo bibi alipofanya alichofanya, na hakuomba ruhusa. Alichukua kibuyu kidogo, akakiosha, akakipaka mafuta ya karanga, akakivika kipande cha kanga iliyombeba Kulwa, akakilaza ubavuni mwa Doto. "Alikaa tumboni na mwenzake," alisema. "Huwezi kumlaza peke yake ghafla. Kikae naye mpaka atembee." Ndivyo Wanyamwezi walivyofanya tangu zamani pacha mmoja anapokufa. Doto akanyonya. Sijui kwa nini; labda njaa ilimshinda. Lakini mama aliona alichokiona, na tangu siku hiyo kila alipomaliza kumnyonyesha Doto alidondoshea tone moja la maziwa mdomoni mwa kibuyu, kisha akakifunika vizuri kisipate baridi. Hakukiomba wala hakukitambikia. Alikifunika tu.

Kazi ya upendo ndiyo iliyomfichua. Alhamisi moja mstari wa majembe ulikuja kwetu, kwa kuwa mama alikuwa na mtoto mchanga na msiba juu. Walifagia, walipika, walitulimia, walifanya kila jema. Mmoja wao akainua kanga amwone mtoto, akaona na kibuyu. Alishusha kanga taratibu, akaendelea kufagia, na kufika Jumapili kanisa lote linajua.

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa, mchungaji akiwa mwenyekiti. Walisema ni mambo ya mizimu. Mama akaulizwa kama yuko tayari kukivunja mbele ya kanisa. Akajibu, "Mtoto hajatembea." Basi akatengwa. Ninyi mnaojua kutengwa kwa zamani mnajua kwamba hakuna aliyekutukana wala aliyekufukuza. Ulihamishwa tu. Uliondoka benchi lako na kukaa benchi la mlangoni, na siku ya Meza ya Bwana, kabla mkate haujamegwa, ulitoka nje na kukaa barazani na wale ambao hawajabatizwa, unasikiliza wenzako wakiimba ndani. Wenzake wa benchi walikuwa mzee mmoja aliyeoa mke wa pili na fundi wa tofali aliyependa pombe ya mtama, na nadhani wao ndio waliomkaribisha mama kwa moyo kuliko wote. Fundi yule alimwambia, "Karibu mama, huku upepo ni mzuri." Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mihogoni.

Adhabu haikuhusu jembe. Hilo nililishangaa nikiwa mtoto na nalishangaa hata leo. Meza ya Bwana alifungiwa, lakini shamba la mjane lilikuwa wazi, na Alhamisi mama alikuwa mstarini, Doto mgongoni. Mvua zilipokaribia akakandika ukuta wa kanisa upande wa nje. Kila Jumamosi alipeleka maji ya kuoshea vikombe vya Meza ya Bwana, akautua mtungi kizingitini, na mwanamke mwingine akautoa pale na kuuingiza ndani. Mimi nilikuwa naye, nikiona maji yakiingia mahali ambapo aliyeyateka haruhusiwi. Krismasi alifunga majani ya mkindu milangoni, akapika ugali wa wageni, akala nasi barazani. Miezi ya njaa, mtama wa ghala ukiwa umeisha na mpya haujakomaa, alichuma uyoga na mlenda akawapelekea wazee wa ukoma kabla ya kutupa sisi. Bibi alimwambia wazi, "Unawalipa watu wasiokudai." Mama akajibu kwamba halipi, anafanya kazi.

Lakini alikuwa anataka kitu, na siku moja akakisema. Tulikuwa tunapalilia karanga za mjane, mvua imekatika, ardhi inatoa mvuke. Mzee Yeremia alikuwa mstari wa jirani. Mama hakuacha kupalilia.

"Mzee wangu, nitakivunja Ijumaa Kuu."

Mzee Yeremia akasimamisha jembe. "Bwana asifiwe, binti yangu."

"Lakini Kulwa asomwe. Alfajiri ya Pasaka, na wenzake."

Akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole cha mguu. "Nitasema na mchungaji," alisema. "Wewe kivunje. Atasomwa."

Sijui kama mnanielewa nikisema kwamba tangu jioni ile nyumba yetu ilipata dirisha. Mama alianza kuimba tena akitwanga. Aliniambia nijifunze kuitikia vizuri, kwa sauti, nisimung'unye maneno, maana safari hii tuna mtu wetu. Doto alikuwa ameanza kutambaa, na wakati mwingine alikivuta kile kibuyu na kukitafuna mdomo. Bibi hakupenda. "Hajatembea," alisema. "Unamtoa mtoto huyu upate jina la yule?"

"Kibuyu ni cha kuvunjika tu, mama," mama alimjibu. "Leo au kesho. Jina likisomwa limesomwa."

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa mpaka madirishani. Baada ya mahubiri mama aliitwa mbele. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la ubatizo, limembana mabegani. Alikivua kibuyu ile kanga, akaikunja, akaiweka kifuani, kisha akakipiga chini. Hakikuvunjika. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo uliokandikwa na yeye mwenyewe, na kibuyu kilidunda kikaviringika hadi kwenye benchi la wazee. Watoto wengine wakacheka. Mzee Yeremia akatoka nje akarudi na jiwe. Mama akapiga magoti, akakivunja kwa jiwe, na kishindo chake kilikuwa kidogo mno. Doto alikuwa mgongoni kwangu, amelala. Hakushtuka hata kidogo, na nilimwona mama akimtazama kwa muda, kana kwamba alitaka mtoto alie.

Wakaimba. Wanawake wakamkumbatia, wakamwongoza kwenye benchi lake la zamani, na mchungaji akamwekea mkono kichwani. Baba alikuwa amekuja kutoka Kigwa kwa sikukuu, akakaa upande wa wanaume akijifuta uso kwa kofia. Jumamosi tulikwenda wote kusafisha makaburi, kama ilivyo desturi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekuza nyasi hadi magotini. Mama alipalilia makaburi ya watu wa wengine mpaka jioni, akapaka chokaa mawe, akapanda maua ya njano kuzunguka. Alikuwa na haraka ya furaha, ile ya mtu anayetarajia mgeni.

Na alfajiri ikafika. Alisimama mbele kabisa, Doto mkononi, mimi kushoto kwake. Jua lilipochungulia mchungaji akaanza. Akamsoma bibi mmoja mkongwe wa ng'ambo ya mbuga. Wajukuu zake wakaitikia. Akamsoma binti aliyefariki kwa uzazi. Mumewe akaitikia kwa taabu. Akamsoma yule fundi wa tofali wa benchi la mlangoni, ambaye alitubu akiwa kitandani. Na kwa kuwa hakuwa na ndugu, sote tukamwitikia. Kila jina lilipotajwa mama alivuta pumzi. Kisha mchungaji akakunja karatasi na tarumbeta zikalia.

Mama alikuwa amefungua mdomo. Nilimwona. Aliuacha wazi hivyohivyo tarumbeta zikilia, kama mtu aliyeitwa jina lake na anangoja aambiwe anaitiwa nini. Watu wakaanza kukumbatiana na kuambiana Bwana amefufuka. Yeye hakusogea.

Mzee Yeremia alikuja mwenyewe, na hilo nampa. Angeweza kupita njia nyingine. Alisimama mbele yake, kofia mkononi kama siku ile ya homa.

"Nilimwambia," alisema. "Alisema asiyebatizwa hana jina kanisani. Si yeye, ni utaratibu."

"Alikuambia lini?"

Mzee Yeremia akatazama chini. "Wiki iliyopita."

"Kabla ya Ijumaa."

"Kabla ya Ijumaa. Ningekuambia usingekivunja, binti yangu. Na ungebaki nje. Nilitaka uingie."

"Ndiyo," mama alisema. "Nisingekivunja."

Baba akamshika mkono akasema twende nyumbani. Tulipofika bibi alikuwa amekaa nje, akatusoma usoni, akainuka kwenda kuweka uji motoni. Hakusema nilikuambia. Nilitamani aseme, ili mama apate mtu wa kumkasirikia. Hakupata hata huyo. Angemkasirikia nani? Mchungaji alifuata utaratibu. Mzee Yeremia alimpenda, na ndiyo maana alimdanganya. Mimi nimeishi miaka mingi na bado sijajua neno la kumwita mtu anayekuvunja kwa kukutakia mema.

Hakuliacha kanisa. Pengine mngependa niseme aliliacha, au alisimama siku moja akawaambia ukweli wao. Aliendelea. Alhamisi jembe, Jumamosi maji, Jumapili benchi lake la mbele, mkate akala, kikombe akanywa. Kila Jumamosi ya Pasaka alikwenda kupalilia makaburi. Lakini alfajiri ya Pasaka hakutoka tena ndani. Reli ikigongwa alituamsha, akatuvika, akatusindikiza mpaka uani, akarudi kukoka moto. Na kuimba aliacha. Alisimama na wenzake, kitabu kimefunguliwa, mdomo umefungwa. Doto akakua, akatembea, akaenda shule, na kila alikokwenda watu waliuliza swali ambalo mtu wa kwetu lazima aulize akisikia jina lile: "Na Kulwa yuko wapi?" Mama akiwa karibu aliinuka na kuingia ndani, mpaka Doto akajifunza kujitambulisha kwa jina la Zakaria.

Bibi akafa, baba akafa, Mwingereza akaondoka, Mzee Yeremia akazikwa kwa tarumbeta. Mama alifariki mzee, bendera mpya imeshachakaa. Alikuwa ametuomba tumlaze mwisho wa shamba la mihogo. Kanisa halikutaka kusikia, wala wakubwa wa ukoo. Mama mtumishi kama yule azikwe kichakani kama mpagazi wa zamani? Wakamzika nyuma ya kanisa, mahali pazuri, hotuba zikiwa ndefu kuhusu jembe lake na mtungi wake, na Pasaka iliyofuata akasomwa wa kwanza.

Leo naishi Chemchem, mjini Tabora, na kutoka dirishani kwangu nasikia makanisa matatu yakishindana kwa spika. Siku hizi yote ni mepesi. Mikate ya Meza ya Bwana inatoka dukani, benchi la mlangoni ndilo linalogombewa kwa sababu ya kuwahi kutoka, na kazi ya upendo ina kamati, mwenyekiti na chai ya kikao. Siwacheki sana vijana. Hawana ubaya. Wana huruma kuliko tuliowajua sisi, na hilo ndilo linaloniuma. Shamba la mihogo limegeuka viwanja. Palipolazwa Kulwa ni ua wa nyumba ya mtu, pana tangi la maji na gari. Siwezi kubisha hodi na kusema nimekuja kumwona mdogo wangu.

Kwaresma iliyopita nilimwendea mchungaji wa sasa wa kanisa letu la zamani, kijana mwenye miwani. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilimweleza habari ya mtoto asiyebatizwa, nikamwambia ninaomba asomwe. Akatoa simu. "Jina nani, bibi?" Kulwa, nikasema, la ubatizo hana. "Haidhuru," akajibu, akiandika. "Siku hizi tunawasoma wote." Akanisindikiza hadi barabarani na kuniitia bodaboda. Nilipanda nikiwa nimeinamisha kichwa asinione. Kumbe ilikuwa hivyo tu. Aulize jina, aandike, basi. Jambo lililomfunga mama yangu mdomo maisha yake yote lilikuwa jepesi kiasi hicho, na hakuna sheria ya mbinguni iliyobadilika hapo katikati. Walibadilika watu tu, wakachelewa.

Alfajiri ya Pasaka tulikwenda, mimi na Doto, ambaye sasa ni mzee wa fimbo na masikio yake yamechoka. Vijana walikuwa wameinua simu zao kupiga picha ya jua. Mchungaji alisoma majina kwa spika, haraka kidogo kwa kuwa yalikuwa mengi na umeme wa jenereta haukuaminika, na hakuna aliyeitikia baada ya kila jina, kwaya iliitikia mwishoni kwa niaba ya wote. Kulwa alitajwa katikati. Nilimsikia. Nililitazama kaburi la mama, nyasi zake zimekatwa vizuri, na palikuwa kimya kabisa.

Kwaya ilipoanza Doto alinigusa bega, kiganja kingine nyuma ya sikio.

"Dada, watamsoma saa ngapi?"

"Wameshamsoma."

Akanitazama. "Lini?" aliuliza.